Siku ya tano baada ya kutolewa kizazi na choo imekataa kabisa, nisaidieni

MamaWawili_Umoja (Jumapili, saa nne usiku)

Habarini wadau. Naandika nikiwa nimelalia ubavu juu kukaa bado ni shida. Jumanne nilifanyiwa operesheni wakatoa kizazi chote, faibroidi zilikuwa zimenitesa miaka minne, damu ilikuwa inatoka mpaka nikawa natembea na leso ya ziada kwa mkoba kila mahali, hata kanisani nakaa benchi ya nyuma. Ilikuwa ya kupasuliwa chini kama ya sizeria, si ile ya matundu madogo na kamera. Thieta yenyewe ilienda poa nashukuru Mungu. Alhamisi asubuhi hewa ikatoka, daktari akipita raundi akaniuliza "umeshuta?" mbele ya wanafunzi kama saba hivi, nikataka kuingia chini ya blanketi, nikasema ndio, akafurahi kama mtu ameambiwa mtoto wake amepata A ya hesabu. Ijumaa nikaachiliwa nikarudi nyumbani.

Sasa shida ni choo kubwa. Mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu kabla nilazwe. Leo ni siku ya tano tangu operesheni na hakuna kitu. Tumbo imefura kiasi na inanguruma, hewa inatoka, sitapiki, sina homa, chakula nakula kidogo kidogo. Lakini nikienda kujaribu ni kama kuna mtu ameweka kizibo, na kusukuma naogopa nyuzi zisikatike.

Shangazi yangu amekuja kutoka Machakos kunishughulikia, ni mtu mzuri sana na sijui ningefanya nini bila yeye, lakini tangu afike ni papai asubuhi papai jioni, nimemaliza mapapai matatu mazima kwa siku mbili. Leo amesema nisipofungua kufika kesho atanitilia maji ya sabuni ya kipande kwa nyuma vile walikuwa wanafanyiwa zamani. Jirani naye ameleta mafuta ya mbarika kwa chupa ya dawa ya kikohozi, iko hapa kwa meza inaniangalia. Alafu choo yenyewe ya hapa kwa ploti ni ya kuchuchumaa na tunatumia milango sita, ukikaa dakika tano mtu ashaanza kugonga.

Kuna mtu amepitia hii? Nikunywe hiyo mbarika ama ningoje?

Binti_Mwambao

Pole sana shoga yangu. Mie nilifanyiwa mwaka jana, ila yangu ilikuwa ya matundu, uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Kilichonitesa mie kwanza si choo, ni bega! Bega la kulia liliniuma usiku kucha nikadhani moyo ndio unakwisha, nikaita sista nalia. Kumbe ni ile hewa ya kaboni dayoksaidi wanayojaza tumboni ili waone vizuri, ikibaki inachokoza kile kiwambo cha kupumulia na maumivu yanakwenda kuchomoza begani. Yakaisha yenyewe siku ya tatu. Basi nakwambia hivi kwa sababu watu huchanganya, hewa hiyo si hii ya utumbo, hiyo huwezi kuijamba hata ufanyeje.

Sasa ya choo. Wodini nilipewa chingamu! Mie nikacheka nikasema huyu sista ananiona mtoto. Akaniambia tafuna mara tatu kwa siku, kama robo saa mpaka nusu saa kila mara, usimeze. Ukitafuna, utumbo unadhani chakula kinakuja, unaanza kujitayarisha. Siku ya pili asubuhi hewa ikatoka. Sijui kama ni chingamu ama ni miguu yangu, maana pia nilitembezwa sana, korido kutoka kitanda changu mpaka dirisha la famasia na kurudi, nimeshika ile nguzo ya dripu kama mzee na bakora yake.

Na mamangu alikuja na kahawa tungu kwenye themosi, ya tangawizi, kikombe kidogo baada ya kifungua kinywa. Hiyo ndiyo ilileta choo siku ya nne. Mbarika wallahi usiguse kabla hujauliza.

Baba_Ruai

Mimi ni mwanaume lakini wacha niseme kitu juu nimeona na macho yangu. Mke wangu alitolewa faibroidi mwaka juzi, kizazi kikaachwa. Tukarudi nyumbani siku ya tatu. Siku ya nne tumbo ikafura, si kidogo, ile ya kufura mpaka dera inakaza. Hewa ilikuwa imetoka mara moja tu wodini alafu ikanyamaza. Nikaenda kwa duka la dawa hapa karibu jamaa akanipea tembe za gesi akasema ni kawaida ya watu wa operesheni. Usiku akaanza kutapika, mara ya kwanza chai, mara ya pili ikawa kijani. Kijani kabisa kama maji ya sukuma. Nikagusa tumbo ilikuwa ngumu kama ngoma.

Tukachukua teksi saa nane usiku, kila bampu ya barabarani analia. Wakampiga picha, wakasema utumbo umelala tena, wakampitisha mpira kwa pua mpaka tumboni ikatoa hayo maji ya kijani karibu ndoo ndogo, wakamwekea dripu na kumpima chumvi za damu, moja wakasema ni potasiamu ilikuwa chini na utumbo haupendi hiyo. Siku tatu hakula. Hakupasuliwa tena, shukrani. Lakini daktari aliniangalia vibaya akaniuliza nilikuwa nangoja nini.

Kwa hivyo dada angalia, wewe umesema hewa inatoka na hutapiki, hiyo ni afadhali. Ikibadilika hata kama ni usiku wa manane usiandike humu, enda hospitali.

Na ingine, kwa hizo ploti za Umoja maji ikikatika usibebe mtungi. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini. Mke wangu alikatazwa kuinua kitu kizito wiki sita nzima, nilibeba mimi, majirani wakanicheka wakachoka.

MamaWawili_Umoja

Eeh Baba Ruai umeniogopesha lakini asante. Hapana kutapika hakuna, nimegusa tumbo ni laini tu imejaa. Maji shangazi ndiye anabeba, na ana miaka sitini na mbili, naona aibu.

Sista_wa_Zamu

Mama Wawili pole. Mimi nimefanya wodi ya wanawake zaidi ya miaka kumi, hii ndio stori ya kila wiki. Kabla niseme chochote naomba unijibu mambo mawili. Moja, soma zile pakiti za dawa ulizopewa uniandikie majina. Mbili, maji unakunywa glasi ngapi kwa siku, na useme ukweli.

MamaWawili_Umoja

Kuna antibayotiki nilimaliza jana. Kuna diklofenaki ya maumivu. Kuna kapsuli imeandikwa tramado, hiyo nameza asubuhi, mchana na usiku juu ndio inanipatia usingizi. Alafu kuna ile ya kuongeza damu, damu yangu ilikuwa chini wakaniongezea painti moja.

Maji… ukweli ni kama glasi mbili na chai. Sitaki kunywa sana juu nikikunywa nitaamka kukojoa, na kuamka kitandani ni vita, alafu nitembee mpaka mwisho wa ploti nichuchumae. Nimejipunguzia.

Sista_wa_Zamu

Hapo sasa. Nilikuwa nimeshuku tu. Mapapai matatu hayana makosa, yanapigana na watu watatu peke yao.

Sikia. Utumbo ni msuli. Ukiguswaguswa wakati wa operesheni, ukaongeza dawa ya usingizi, unasimama kazi. Na hauamki wote pamoja. Utumbo mwembamba unaamka ndani ya siku moja, tumbo lenyewe siku moja au mbili, utumbo mpana ndio mzito wa kuamka, siku mbili mpaka tatu. Hewa ikitoka ni huyo wa mwisho ameanza kujikokota. Yako ilitoka Alhamisi, kwa hivyo kulala kuliisha. Kinachokushika sasa ni kufunga choo, na hicho ni kitu kingine kabisa na kile cha mke wa Baba Ruai. Yake ni hatari, yako ni mateso.

Tramado ni ukoo mmoja na kodeini, mofini na pethidini. Zinatuliza maumivu kwa ubongo lakini pale zinaposhika, vituo vyake viko hata kwa ukuta wa utumbo. Zikikaa hapo utumbo unapunguza kusukuma, uchafu unakaa muda mrefu, maji yake yananyonywa yote unabaki na kokoto. Mtu akizoea hizi dawa ule usingizi wake unapungua, lakini utumbo hauzoei. Siku zote unameza utafungwa. Ndio maana kwetu wodini mtu akitoka na hiyo dawa tunajaribu aende pia na ya kulainisha choo, lakini siku za Ijumaa watu kumi wanatoka pamoja na zingine zinasahaulika, sitakudanganya.

Ya kuongeza damu nayo inafanya choo kuwa ngumu na nyeusi kama lami. Ikitoka nyeusi usiruke ukafikiri ni damu. Lakini usiiache mwenyewe, ulipoteza damu nyingi, hiyo daktari ndiye ataamua kama utapumzika siku chache ama utabadilishiwa.

Na maji, mama, kwa glasi mbili hata mti hauwezi. Dawa za kulainisha choo zenyewe zinafanya kazi kwa kuvuta maji ndani ya utumbo, sasa yatavutwa kutoka wapi? Kama kuamka ni shida tumia beseni usiku kwa kukojoa, shangazi amwage asubuhi. Si aibu. Kuamka pinda magoti kwanza, geuka ubavu wote pamoja kama gogo, shusha miguu, alafu jisukume na mkono. Usiinuke na tumbo.

Kesho asubuhi piga simu kwa ile wodi ama kliniki yako, namba iko kwa karatasi ya kutoka. Waambie ni siku ya sita, hewa inatoka, hutapiki, uko kwa tramado. Uliza kama unaweza kuacha hiyo ukabaki na paracetamol na diklofenaki kwa saa zake, na uliza dawa ya choo. Mara nyingi watakupa laktulosi, ile ya maji matamu, ujue hiyo haina haraka, inachukua siku moja au mbili na wengine hata tatu, watu humeza leo jioni wakitukana kesho asubuhi. Kuna ya bisakodili ya kumeza usiku ifanye kazi asubuhi, hiyo inaamsha utumbo kwa nguvu kiasi na inaweza kuleta msokoto. Kuna pia ya gliserini ya kuweka kwa nyuma. Ipi ni yako watakuambia wao, mimi sijaona tumbo lako.

Shangazi mwambie tafadhali aweke hiyo sabuni kwa karai. Sabuni inachoma ngozi ya ndani. Na kuna kitu watu hawajui, wakitoa kizazi chote na mlango wake, kule juu ya uke wanashona, na hapo pako jirani kabisa na utumbo wa mwisho. Sitaki mtu atumbukize mpira hapo kwa kubahatisha wiki ya kwanza. Mbarika nayo inakoroga utumbo mpaka unaendesha na kukatwa tumbo, ukose maji zaidi.

Nyanya_Mstaafu

Mimi nimesoma nikashangaa. Nilipasuliwa 1988 na tulikuwa tunanyimwa chakula hadi hewa itoke, siku nne nilikaa na maji ya kulowesha midomo kwa pamba tu. Ukiomba uji unagombezwa. Siku hizi ati mtu anakula siku ya kwanza? Si ndio maana mnafungwa matumbo nyinyi, mnajaza kabla mlango haujafunguka.

Sista_wa_Zamu

Shosho pole kwa hizo siku nne, najua zilikuwa mbaya. Hata mimi nilipoanza kazi bado tulikuwa tunaangalia hewa kwanza, tulikuwa tunaweka kibao kwa kitanda cha mgonjwa. Fikra ilikuwa tumbo likipewa kitu kabla ya kuamka litatapika na mshono ufumuke. Miaka ya tisini daktari mpasuaji wa Denmark anaitwa Henrik Kehlet akaanza kuuliza kila kitu tunachofanyia mgonjwa kinamsaidia ama ni desturi tu. Kunyima chakula, mipira kwa pua, kulala kitandani siku nyingi, dripu kupita kiasi, akaonyesha mingi inachelewesha. Alianzia kwa watu wa utumbo, baadaye ikaja kwetu upande wa wanawake, mwongozo wa operesheni za saratani za wanawake ulitoka 2016 na ukasahihishwa 2019. Siku hizi mtu asiye na shida anapewa kitu ndani ya saa ishirini na nne. Wengine wanasikia kichefuchefu kidogo, hiyo ni kweli, kwa hivyo unaanza na uji mwepesi ama chai na unasikiliza tumbo. Chakula chenyewe kikiingia ndio kinauambia utumbo uamke. Kunyimwa ndio kulikuwa kunaulaza zaidi.

Hiyo chingamu ya Binti Mwambao pia si mchezo, madaktari Wajapani waliandika juu yake 2002 kwa watu waliotolewa kipande cha utumbo, tangu hapo imejaribiwa sehemu nyingi hata kwa sizeria. Na kahawa walijaribu Uturuki kwa wanawake waliofanyiwa operesheni za saratani ya kizazi na mayai, vikombe vitatu kwa siku, hewa na choo zikaja mapema kuliko wale hawakupewa. Kama presha ama moyo wako hauna shida na kahawa, kunywa. Kama ina shida, chai ya moto pia ni kitu.

Nyanya_Mstaafu

Basi sawa. Mngetuambia mapema.

Kemboi_wa_Pipeline

Kuhusu choo ya kuchuchumaa hakuna amejibu. Mamangu alivunjika nyonga tukatafuta kiti cha plastiki, fundi akakikata shimo katikati na msumeno akalainisha pembeni na moto, tunaweka juu ya choo. Shilingi mia moja kukata. Ukishamaliza unasafisha unarudisha kwa nyumba, mtu wa mlango mwingine hatumii.

Binti_Mwambao

Hiyo ya kiti ni akili. Ila akikalia kiti aweke miguu juu ya kigoda ama ndoo ndogo imepinduliwa, magoti yapande kupita kiuno. Kuchuchumaa kwenyewe ndio mkao mzuri wa kutoa choo, njia inanyooka, ni vile tu mtu aliyepasuliwa hawezi kushuka wala kuinuka. Na ashike mto mdogo ama leso iliyokunjwa kwenye mshono, aubane taratibu. Mie hata kukohoa nilikuwa nakohoa na mto.

Sista_wa_Zamu

Hapo mmemaliza mimi naongeza moja. Enda robo saa hivi ama nusu saa baada ya kifungua kinywa cha moto, utumbo mpana unaamka zaidi baada ya chakula. Usisukume huku umeziba pumzi. Fungua mdomo, pumua nje polepole kama mtu anapuliza jiko na hataki majivu yaruke. Dakika kumi ikikataa toka, rudi baadaye.

Chakula, papai endelea lakini si papai tu. Uji wa wimbi, terere ama sukuma ya kuiva vizuri, parachichi, embe kama zimeshuka bei. Kabichi, maharagwe na soda ngoja siku chache, zitakujaza hewa na hewa ikijaa mshono unalia. Na zile pumba za ngano watu wanauza kwa kopo usianze nazo sasa ukiwa kwa tramado na glasi mbili za maji, zitafura hapo ndani zikae kama ugali wa jana.

MamaWawili_Umoja (Jumatatu jioni)

Nimerudi. Nilipiga simu saa mbili asubuhi ikaita mpaka ikakata mara nne, mara ya tano nikapata. Sista wa huko aliuliza maswali yale yale mliuliza, akanipea daktari, akasema niwache tramado, paracetamol kila saa sita na diklofenaki baada ya chakula, ya damu nimeze moja kwa siku badala ya mbili mpaka nimwone kliniki. Laktulosi nimenunua, ni tamu mpaka inachukiza, nimekunywa na maji glasi nzima vile Sista alisema. Akaniambia nikitapika, tumbo ikiwa ngumu, homa ikipita thelathini na nane, hewa ikikatika, damu nyingi ama uchafu unanuka kutoka chini, ama mguu mmoja ukivimba na kuuma, nisingoje kliniki.

Nimetembea leo. Kutoka mlango wangu mpaka geti na kurudi, mara sita, kila saa mbili hivi. Watoto wa ploti walianza kunihesabia, "mama ni ya ngapi?" Mara ya nne nikataka kulia lakini hewa ilitoka ndefu mpaka mama wa mboga pale getini akasema "pole na kazi".

Shangazi amekasirika kidogo juu ya sabuni. Nilimsomea yote mliandika, akanyamaza, alafu akauliza hiyo chingamu inauzwa wapi. Sasa tunatafuna sisi wawili.

Kiti cha Kemboi nimekipata bila kukata, nyumba namba tatu walikuwa nacho cha nyanya yao aliyefariki mwaka jana, walikuwa wamekiweka juu ya tangi. Wamekiosha wakanipea na hawakutaka pesa.

Choo bado.

Baba_Ruai

Usijali. Hiyo laktulosi ipe muda, mke wangu anasema hapa nyuma yangu ya kwake ilichukua siku mbili.

MamaWawili_Umoja (Jumatano, saa moja asubuhi)

IMETOKA.

Wacha niwaambie vizuri juu mmenivumilia. Jana jioni nilisikia tumbo inasokota kidogo upande wa kushoto, nikaenda, hakuna. Usiku nimelala bila tramado nikiwa na paracetamol tu, usingizi ulikuwa wa vipande vipande. Leo saa kumi na moja na nusu shangazi akanipea uji wa wimbi moto na kikombe cha kahawa, nikatafuna chingamu kama dakika kumi alafu nikasikia ile kitu, ile unajua tu. Sikukimbia juu siwezi kukimbia. Shangazi alitangulia na kiti, mimi nyuma na leso imekunjwa, miguu nikaweka juu ya karai imepinduliwa. Mtu akagonga. Shangazi akamwambia kwa Kikamba kitu siwezi andika hapa, hakurudi.

Ya kwanza ilikuwa mawe, sitadanganya, nililia machozi, nikapumua kama napuliza jiko vile Sista alisema, nikashika mshono. Alafu iliyofuata ikawa laini. Nyeusi kama lami kweli, ningekuwa sijaambiwa ningepiga nduru. Nimetoka hapo miguu inatetemeka na nimekuwa mwepesi ni kama nimevuliwa koti la mvua. Nyuzi ziko sawa, nimeangalia na kioo, kavu.

Shangazi anasema ni papai. Nimemwachia.

Binti_Mwambao

Hongera shoga!! Nimecheka mpaka mume wangu ameuliza kuna nini.

Sista_wa_Zamu

Hongera. Usiwache laktulosi leo juu umefurahi, endelea nayo vile daktari alisema mpaka iwe laini siku kadhaa bila kusukuma, ukianza kuendesha ndio unapunguza. Na maji usirudi kwa glasi mbili.

Mgeni_Kawangware

Nimekuwa nikisoma kimya tangu Jumapili. Mimi nafanyiwa hiyo hiyo Jumatatu ijayo na nimeogopa kitu ya choo kuliko kisu. Nibebe nini?

MamaWawili_Umoja

Pole mami, kisu hata hutakijua. Mimi ningebeba chingamu pakiti mbili isiyo na sukari, mto mdogo wa kushika mshono, na dera mbili pana, suruali usijaribu. Kiti tafuta sasa kabla uende, si ukirudi. Alafu siku ya kutoka, hata kama kuna foleni na daktari ana haraka, shika ile karatasi ya dawa umuulize moja moja hii inafunga choo, na kama inafunga, ya kufungua iko wapi. Mimi sikuuliza juu teksi ilikuwa inangoja nje.